Uvimbe na Saratani

Katika tafsiri za maandishi ya afya, maneno uvimbe na saratani hutumiwa mara nyingi kana kwamba maana yake ni moja. Sivyo. Jipu ni uvimbe, wala si saratani. Na saratani ya damu yaweza kumwua mtu bila ya kumtokea uvimbe wowote.

Tofauti hiyo yatokana na mwenendo wa seli. Seli ya kawaida hugawanyika ipatapo amri, na hukoma haja itimizwapo. Jeni za aina moja huchochea mgawanyiko huo; za aina nyingine huuzuia, au huiamuru seli iliyoharibika ife. Jeni hizo zikiharibika moja baada ya nyingine, aghalabu kwa miaka mingi, seli huzaana bila ya kikomo. Zikibaki mahali pamoja, huo ni uvimbe tu. Zikipenya tishu za jirani, na hatimaye kufika viungo vya mbali, hiyo ni saratani.

Mfano wa karibu ni saratani ya taya za watoto aliyoieleza daktari Denis Burkitt, akiwa Uganda, mwaka 1958. Humo kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kromosomu nyingine, aghalabu ya 14, na jeni chochezi iitwayo MYC hufanya kazi pasipo kizuizi.

Mfasiri hana budi kuchagua kwa uangalifu. Mgonjwa mwenye saratani akiambiwa ana uvimbe, huenda akarudi nyumbani kungoja upungue. Mwenye uvimbe akiambiwa ana saratani, huenda akaandika wasia.