Namba Tasa (Sehemu ya Tatu): Tarakimu 39 za Lucas

Wiki iliyopita tuliishia kwa mtawa Mersenne na orodha yake ya mwaka 1644, ya idadi za mbili ambazo, ukizizidisha na kutoa 1, zinaleta namba tasa. Aliteleza kwenye 67 na 257, lakini 127 aliipatia. Zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie mbili 127, kisha toa 1:

170141183460469231731687303715884105727

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba hii ni tasa. Neno letu limekaa mahali pake: namba hii haina kigawo ila 1 na yenyewe. Mpaka leo hakuna kubwa kuliko hiyo iliyothibitishwa kwa mkono mtupu, bila mashine.

Alijuaje? Angejaribu vigawo kimoja kimoja, ingembidi afike kwenye vyenye tarakimu 20, na umri wa mtu hautoshi. Njia yake, ambayo baadaye Lehmer wa Marekani aliirahisisha, ni nyingine kabisa. Chukua kalamu tuipime 127 yenyewe, ambayo ni mbili saba zilizozidishwa, ukatoa 1.

Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 127, ushike baki tu. 4 inakupa 14. 14 inakupa 194, baki 67. Ya 67 ni 4,487, baki 42. Ya 42 ni 1,762, baki 111. Ya 111 ni 12,319, ambayo ni 127 mara 97 kamili. Baki 0.

Mbili zilikuwa saba, hatua ni tano, pungufu ya mbili. Hatua ya mwisho ikileta 0, namba ni tasa. Isipoleta, si tasa. Kwa namba ya Lucas hatua ni 125 tu, ingawa kila moja ni kazi ya jasho.

Kinachonishangaza kila mara ni kwamba kipimo hiki hakitafuti kigawo. Lucas aliikataa ile ya 67 bila kujua inagawanyika kwa nini. Vigawo vyake, 193,707,721 na 761,838,257,287, alivitoa mwanahisabati Cole mwaka 1903.

Sasa tazama mnyororo: 2 inazaa 3, 3 inazaa 7, 7 inazaa 127, na 127 inazaa hii ya Lucas. Zote tasa. Inayofuata hakuna aliyeweza kuipima: hata hesabu ya tarakimu zake tu ni namba yenye tarakimu 38.