Hukumu ya Mmoja, Adhabu ya Nyumba Nzima

Kati ya 1788 na 1868 Uingereza iliwapeleka Australia wafungwa wapatao 160,000. Wengi walihukumiwa miaka saba, tena kwa wizi mdogo. Ila serikali iliyogharimia safari ya kwenda haikugharimia ya kurudi, na kibarua aliyemaliza kifungo Sydney nauli angeitoa wapi? Wake walioachwa walilijua hilo mapema. Sheria ya tangu mwanzo wa karne ya 17 haikumtia hatiani aliyeolewa tena ikiwa mumewe amekaa ng'ambo miaka saba. Basi wengi waliolewa, na huko Australia waume nao wakaoa.

Kuna waliookolewa na huruma ya mtu mmoja. Susannah Holmes na Henry Kable walikutana gerezani Norwich, wakazaa mtoto humo humo mwaka 1786. Susannah alipopelekwa Plymouth kusubiri safari, nahodha wa meli ya wafungwa alimpokea mama, mtoto akamkataa. Askari jela aliyewasindikiza, John Simpson, akampakata yule mchanga ndani ya gari la farasi hadi London na kumvizia waziri, Lord Sydney, mpaka akasikilizwa. Waziri akaamuru wote watatu wasafiri pamoja. Wananchi waliosikia habari hiyo walichanga pauni 20 kuwanunulia mahitaji, na mzigo ukapotea melini. Mwaka 1788 wafungwa hao wawili, waliokwisha kufunga ndoa Sydney, walimshtaki nahodha wa meli iliyobeba mzigo huo, wakashinda. Huko kwao Uingereza mfungwa wa namna yao asingesikilizwa na mahakama.

Si wote waliopata Simpson wao. Mwaka 1834 vibarua sita wa kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa kupelekwa Australia kwa kula kiapo cha siri walipounda chama cha wafanyakazi. Wake zao walipoomba msaada ambao parokia iliwapa maskini, hakimu James Frampton aliwanyima, eti wale waliokuwa na fedha za kulipia chama hawakosi chakula. Huo ulikuwa ukatili wa makusudi.

Mmoja wa wale sita, George Loveless, alikuwa amemwandikia mkewe Elizabeth amfuate Van Diemen's Land, yaani Tasmania ya leo. Msamaha ulipomfikia, hakukimbilia bandarini. Alihofu wasije wakapishana baharini. Aliondoka mwanzoni mwa 1837, baada ya kupata barua kwamba Elizabeth hajatoka nyumbani.