Wekundu wa Aristarchus: Ni Mwezi au ni Hewa Yetu?

Usiku wa Oktoba 29, 1963, James Greenacre na Edward Barr walikuwa wakichora ramani ya Mwezi katika kituo cha kutazama nyota cha Lowell, Arizona, Marekani. Ghafla wakaona kwenye darubini madoa mekundu karibu na kasoko ya Aristarchus. Baada ya muda mfupi yakafifia. Novemba mwaka huohuo, wekundu ukaonekana tena.

Huu si ule wekundu wa Mwezi kupatwa, unaotanda uso mzima. Hili ni doa dogo, lisilo na ratiba. Mwanaastronomia William Herschel aliona mfano wake mwaka 1787, akadhani ni volkano. Orodha ya NASA ya mwaka 1968 ina matukio 579 ya aina hii, na Aristarchus inatajwa kuliko kwingine kote.

Wapo wanaosema ni gesi inayovuja. Wana hoja: mwaka 1971 safari ya Apollo 15 ilinasa dalili za gesi ya radoni juu ya Aristarchus. Nusu ya gesi hiyo huoza kila siku 3.8, hivyo iliyonaswa ilikuwa imetoka ardhini karibuni. Lakini radoni hiyo ni kidogo mno, na haing'ai. Labda gesi nyingine hufumuka kwa nguvu na kutimua vumbi. Vimondo navyo huugonga Mwezi, ila mmweko wake kwa kawaida hauchukui hata sekunde moja.

Mshukiwa mwingine yuko huku kwetu. Mwezi ukiwa chini karibu na upeo wa macho, hewa ya Dunia hupinda mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, na kingo za kitu kinachong'aa hupata rangi mbili. Lenzi za darubini nazo huweza kutenganisha rangi. Aristarchus, yenye upana wa kilomita 40 hivi, inang'aa kuliko kasoko nyingine kubwa zote. Kwa hiyo palepale penye radoni ndipo jicho linapodanganyika kwa urahisi zaidi.

Ndiyo maana wingi wa mashuhuda hautoshi. Ukiona doa jekundu, tazama kwanza kasoko jirani zinazong'aa. Zikiwa na wekundu uleule, mwenye kosa ni hewa au lenzi. Zikiwa hazina, piga picha, andika saa, kisha mtafute aliyeutazama Mwezi dakika hiyohiyo kutoka mji mwingine, kwa darubini nyingine. Picha mbili zikikubaliana, hapo kesi ya Mwezi itakuwa na ushahidi.