Programu ya ukaguzi wa viungo vya feleji

Programu ya ukaguzi wa viungo vya feleji ni programu ya kompyuta inayotumiwa na wahandisi wa ujenzi kuthibitisha kwamba kila nguzo, boriti au mhimili wa feleji katika jengo, daraja au mnara unatimiza masharti ya kanuni za usanifu zinazotumika mahali hapo. Programu hiyo haibuni jengo. Hupewa vipimo, aina ya feleji na mizigo, kisha hujibu swali moja kwa kila kiungo: je, kinatosha?

Namna inavyofanya kazi

Kazi hufanyika kwa hatua mbili, na ni muhimu kutozichanganya. Hatua ya kwanza ni uchanganuzi: kompyuta hutafuta nguvu zinazopita katika kila kiungo, yaani mvuto, mgandamizo, mpindo na mkato. Hapa zinatawala sheria za fizikia, ambazo ni zilezile Mombasa na Oslo. Hatua ya pili ni ukaguzi wenyewe: nguvu zile hulinganishwa na uwezo wa kiungo kama unavyokadiriwa na kanuni. Hapa yanatawala makubaliano ya watu, ndiyo maana Marekani hutumia kanuni za taasisi ya AISC na nchi za Ulaya hutumia Eurocode 3. Kiungo kilekile kinaweza kupata majibu yanayotofautiana kidogo chini ya kanuni hizo mbili.

Jibu hutolewa kama uwiano wa nguvu iliyopo kwa uwezo uliopo. Uwiano wa 0.85 maana yake kiungo kimetumia asilimia 85 ya uwezo wake. Ukizidi 1, kiungo kimeshindwa, na programu nyingi hukipaka rangi nyekundu kwenye kioo. Kushindwa huku si sawa na kuanguka, kwa sababu kanuni huacha akiba ya usalama. Lakini akiba hiyo iliwekwa kwa ajili ya mambo yasiyojulikana, si kwa ajili ya kumpunguzia mwenye jengo gharama.

Tatizo la mgandamizo

Kiungo kinachovutwa ni rahisi kukagua: eneo la mkato wake huzidishwa kwa nguvu ya feleji. Kinachogandamizwa ni jambo jingine. Mwanafunzi anaweza kujaribu kwa rula ya plastiki. Akiivuta kwa mikono miwili hawezi kuikata; akiisimamisha mezani na kuisukuma kwa kiganja, hupinda upande kabla plastiki yenyewe haijafikia mwisho wa nguvu zake. Mwanahisabati Leonhard Euler kutoka Uswisi alitoa kanuni ya hesabu hiyo mwaka 1744. Kwa kanuni yake, urefu ukiongezwa mara mbili, mzigo wa kupindisha hupungua hadi robo.

Nguzo halisi hubeba pungufu ya hapo, kwa kuwa haijanyooka kabisa na hubaki na mikazo ya ndani tangu ilipopoa kiwandani. Eurocode 3 huzingatia upungufu huo kwa mistari mitano ya upunguzaji, na programu huchagua mmojawapo kulingana na sura ya mkato.

Kwa mfano, nguzo ya aina ya HE 200 B, ambayo ina upana na kimo cha milimita 200, yenye feleji ya S275, ina uwezo wa takriban kilonewtoni 2,148 ikiwa haiwezi kupinda. Ikiwa na urefu wa mita 4, imeshikwa kwenye ncha zote mbili bila kukazwa kuzunguka, uwezo hushuka hadi takriban 1,275. Ikiwa na mita 8 bila kushikizwa katikati, hubaki 495 tu. Mzigo wa kilonewtoni 900 hutoa uwiano wa 0.71 kwa nguzo ya kwanza na 1.82 kwa ya pili.

Feleji ni ileile na mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni umbali kati ya sehemu zilizoshikizwa, na umbali huo kompyuta huambiwa na mtu. Akiandika mita 4 mahali penye mita 8, programu itapiga hesabu bila kosa hata moja na kutoa jibu la hatari.

Paa la Hartford

Jambo la namna hiyo lilitokea Hartford, katika jimbo la Connecticut, Marekani. Ukumbi wa michezo wa mji huo ulikuwa na paa la fito za feleji zilizounganishwa pande tatu, lenye takriban mita 91 kwa 110. Wasanifu waliitegemea kompyuta, jambo lililokuwa bado jipya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Paa liliundwa chini na kuinuliwa mzimamzima. Vipimo vilionyesha kwamba lilinepa karibu mara mbili ya ilivyokadiriwa, lakini onyo hilo halikusimamisha kazi.

Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978 paa lilianguka chini ya theluji. Saa chache kabla, watu karibu 5,000 walikuwa humo wakitazama mpira wa kikapu. Hakuna aliyeumia.

Uchunguzi ulionyesha kwamba hesabu zilichukulia fito za tabaka la juu kuwa zimeshikizwa katikati, kila mita 4.6 hivi. Katika ujenzi, fito za pembezoni hazikuwa na kishikizo hicho cha kutosha. Zilikuwa huru kwa mita 9 hivi, na baadhi zilizidiwa mzigo mara kadhaa.

Programu na kanuni

Miongoni mwa programu za mwanzo ni STRUDL ya chuo cha MIT, katika miaka ya 1960, na SAP, iliyotolewa na Edward L. Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1970. Leo hutumika sana SAP2000, ETABS, STAAD na Robot. Mhandisi huchagua kanuni anayoitaka kwenye orodha.

Uchaguzi huo unahitaji uangalifu. Wahandisi wengi wa Kenya na Tanzania walisomeshwa kwa kanuni ya Uingereza BS 5950, ambayo iliondolewa huko kwao mwaka 2010 kupisha Eurocode. Kuchukua mizigo ya kanuni moja na uwezo wa kanuni nyingine ni kosa ambalo programu haiwezi kulitambua, kwa kuwa kila kanuni imegawa akiba yake ya usalama kwa namna yake.

Maungio, yaani boliti na sehemu zilizochomelewa, mara nyingi hukaguliwa kwa programu nyingine au kwa mkono. Kutu haimo katika hesabu isipokuwa mhandisi apunguze unene mwenyewe. Tena programu huamini kwamba feleji iliyofika kwenye eneo la ujenzi ndiyo iliyoandikwa kwenye ramani. Kulithibitisha hilo ni kazi ya cheti cha kiwanda na msimamizi anayepima unene wa bati kwa kifaa chake.