Kupanda Bukavu kwa Baiskeli, Kuvielewa Vita vya 1967

Mwezi Agosti 1967 Mbelgiji Jean Schramme, aliyewahi kuwa mkulima huko Kongo, aliingia Bukavu, mashariki mwa nchi hiyo, akiwa na mamluki wasiofika 200 na mamia ya askari kutoka jimbo la Katanga. Jeshi la taifa la Kongo, ANC, lilikuwa na watu wengi zaidi, lakini halikuwatoa mpaka mwanzoni mwa Novemba. Vitabu vinaeleza siasa za vita hivyo. Jiografia yake inaelezwa vizuri zaidi na miguu ya mwendesha baiskeli.

Mzunguko ninaoupenda uko ndani ya mji wenyewe. Anzia Nyawera, teremka hadi rasi ya Labotte, rudi kwenye barabara ya Lumumba, endelea Nguba hadi kituo cha mpaka cha Ruzizi ya Kwanza, geuza, kisha maliza kwa kupanda Kadutu. Si safari ndefu, lakini hakuna sehemu ya maana iliyo tambarare. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji unaning'inia juu yake.

Labotte ni mahali pa kusimama. Mbele ni ziwa. Mashariki, ng'ambo ya mto Ruzizi, ni Rwanda. Nyuma yako vilima vinapanda kusini na magharibi. Jeshi linalokuja kwa nchi kavu halina budi kupitia vilima hivyo, kwa njia chache, likionekana kutoka juu. Anayeshikilia mji naye ana ziwa mgongoni na mto ubavuni: hazingirwi kirahisi, lakini hana pa kurudi nyuma ila ng'ambo ya mto. Ndivyo ilivyokwisha. Shinikizo la ANC lilipozidi, watu wa Schramme walivuka Ruzizi wakaingia Rwanda, nao wakanyang'anywa silaha huko.

Sasa panda Kadutu. Mwinuko wa asilimia 8 maana yake ni mita 8 za kwenda juu kwa kila mita 100 za barabara. Ukiwa wewe na baiskeli mna kilo 80, kwenda kilomita 10 kwa saa kwenye mwinuko huo kunadai takriban wati 175 kwa ajili ya kupambana na uzito peke yake, bila kuhesabu upepo wala ukali wa lami mbovu. Mtu mwenye mazoezi ya wastani atamudu kwa muda, kisha mapaja yatamkatalia. Ukiongeza mwendo hadi kilomita 15, unadaiwa wati zaidi ya 260. Mwaka 1967 askari alipanda miteremko ya aina hii akiwa na bunduki, risasi na chakula mgongoni, huku adui akimsubiri juu.

Kwa hiyo weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, si katikati yake, ambapo mnyororo umebanwa na nguvu ya mguu. Zungusha pedali haraka kwa nguvu kidogo; anayekanyaga gia nzito huumiza magoti. Hewa ya hapa ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na pwani. Mkaaji wa Bukavu hahisi, lakini mgeni wa Mombasa atahema siku za kwanza. Wakati wa kuteremka, bana breki zote mbili kwa vipindi, achia, bana tena. Breki iliyobanwa mfululizo huchemka, nayo mvua ya Oktoba hurefusha umbali wa kusimama. Toka alfajiri, kabla pikipiki na malori hayajajaa barabarani.

Uwanja huu wa vita haujafungwa. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, mji uliokwisha kushuhudia mapigano mwaka 1964, 1996 na 2004. Waulize wenyeji hali ya siku hiyo kabla ya kutoka, usiache lami kwenda vichakani, na chuma chochote usichokijua kando ya njia usikiguse.

Ukifika juu Kadutu, zungumza na wazee. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1967 sasa anakaribia 70, na anakumbuka risasi zilitoka kilima gani. Mwulize, uandike jibu lake.