Buibui wa Nyumbani na Wanawe

Kwa mtu wa pwani neno buibui lina maana mbili: vazi jeusi la kina mama, na yule mwenye miguu minane atandaye pembeni mwa dari. Vazi twaliheshimu, mwenye miguu twamwandama kwa fagio. Na hali Sura ya 29 ya Kurani imeitwa kwa jina lake, al-Ankabut, na mtoto wa chuoni hukijua kisa cha pango la Thaur katika safari ya Hijra. Basi ni haki tumtazame kabla ya kumpiga ndara.

Twende nchi ya chai, Kericho na Bomet, iliyo karibu mita 2,000 juu ya bahari. Huko baridi hufanya mayai yakawie kuanguliwa kuliko katika joto la Mombasa, na mwenye subira hupata wasaa wa kutazama.

Yule wa miguu mirefu, myembamba kama nywele, huning'inia kichwa chini. Ukimgusia utando hujitikisa hata asionekane vyema. Jike hubeba mayai kinywani, yamefungwa kwa nyuzi chache, mpaka yaanguliwe. Mrukaji ni mfupi, mwenye macho mawili makubwa mbele. Yeye hategi utando, bali huvizia kama paka. Yule bapa, mkubwa, atembeaye ukutani usiku, hukumbatia mfuko wa mayai chini ya mwili. Na wa majanini huufunga mfuko nyuma yake, kisha wanawe hupanda mgongoni mwake.

Watoto hawa hawapiti hali ya funza kama wa mbu au kipepeo. Hutoka na miguu minane, mfano wa mama yao, na hukua kwa kujivua gamba. Wengine hupanda mahali pa juu, hutoa uzi, na upepo ukawachukua.

Faida yao nini? Katika miaka ya 1990 malaria ilirudi kwa nguvu katika mashamba ya chai ya Kericho, juu ya baridi yake yote. Magharibi ya huko, Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, wataalamu wamemchunguza mrukaji mdogo aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 2003. Huyu humchagua mbu aliyekwisha kunywa damu. Hii si hoja ya kutupa chandarua, kwani buibui hamalizi mbu wa nyumba. Lakini ni hoja ya kutomwua bure.

Hata hivyo, ndugu msomaji, jihadhari na yule mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo, ambaye mfuko wake wa mayai una vijiba vijiba. Huyo ana sumu, usimshike. Waliobaki, fagia tandabui kuukuu zilizojaa vumbi, na mama mwenye mayai mfunike kwa gilasi, pitisha karatasi chini yake, umtoe nje salama.