Mahali pa Kulala Unapotembelea Vijiji vya Ufipa

Msafiri aendaye kutazama maporomoko ya Mto Kalambo, au kuwatembelea ndugu katika vijiji vya Ufipa, hukabiliwa na uamuzi mmoja kabla ya mingine yote: alale mjini Sumbawanga na kwenda kijijini mchana, au atafute malazi huko huko aendako. Uamuzi huo hugusa mfuko wake, usalama wake na hata afya yake.

Mjini Sumbawanga zipo nyumba za kulala wageni za kila daraja, na mlaji asiyeridhika na chumba anaweza kutoka na kubisha hodi nyumba ya pili. Nafuu hiyo hupungua kadiri anavyoondoka mjini. Barabara ya kwenda Kasanga, bandari iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, ina urefu wa kilometa 112 na hupitia Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Aliyechelewa njiani ni afadhali alale Matai na kuendelea asubuhi kuliko kuingia vijiji vya mbele usiku akitarajia gesti ambayo huenda haipo. Wakati wa masika, tahadhari hiyo huwa na uzito zaidi kwa njia za udongo.

Bei inayotajwa mapokezi si lazima iwe bei yote. Uliza kama ni ya mtu mmoja au wawili, kama chai ya asubuhi imo, na mwisho wa kuondoka ni saa ngapi. Uliza pia kuhusu maji ya moto: ni ya bomba au ya ndoo, na je, ndoo hiyo hulipiwa? Kisha kagua chumba, kitasa na blanketi kabla ya kulipa.

Blanketi si jambo dogo. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na usiku wa Juni na Julai baridi yake humshangaza mgeni atokaye pwani. Omba blanketi la pili, lakini usikubali kamwe kuingiziwa jiko la mkaa chumbani, hata ukiambiwa kwamba ndivyo wageni wote wanavyofanya. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa, hewa hiyo huweza kumuua mtu usingizini asiwahi hata kujua kwamba yumo hatarini. Hapa hakuna cha kujadiliana na mwenye nyumba, akishikilia, hama.

Ukiteremka kwenda Kasanga, au bonde la Ziwa Rukwa upande wa pili, hali hugeuka: joto ni kali na mbu ni wengi. Huko kinachokaguliwa kwanza ni chandarua, kama kipo na kama hakijatoboka.

Baadhi ya wenye nyumba huomba malipo ya awali kwa simu. Hilo si kosa, ila jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilingane na la mtu au biashara uliyoafikiana nayo. Lisipolingana, sitisha na uulize. Tuma gharama ya usiku mmoja tu, na usifute ujumbe wa muamala.

Penye vijiji visivyo na gesti, mgeni hupokewa nyumbani kwa mtu. Ukarimu wa Wafipa haumzuii mwenyeji kutarajia chochote, wala si utovu wa adabu kuuliza mapema: je, ni malipo, au ni zawadi ya sukari na sabuni? Mwombe mwenyeji akutambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo ya kufika. Ada ya kuingia maporomoko ni jambo jingine. Ilipe kwa utaratibu wa serikali, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na usimkabidhi mwenyeji fedha hizo.

Dai risiti popote unapolipia chumba. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bei au ubora wa huduma. Aliyeahidiwa chumba chenye choo ndani akapewa cha kuchangia ana haki ya kulalamika, kwanza kwa mwenye nyumba, kisha kwa Tume ya Ushindani, akiwa na risiti, ujumbe wa malipo na tarehe aliyolala.